Msasi wa Natta na Waandishi Wake

Katika nchi ya Natta, na kwa jirani zake wa Ikoma, Isenye na Ngoreme, neno moja husikika mara nyingi vinywani mwa wazee, yaani kwamba vijana wa siku hizi hawana tena hamu ya mawindo. Upinde wameuacha, nyayo hawazijui, na mvulana aliyemaliza darasa la saba hawezi kukuambia kama alama iliyoko njiani ni ya swala au ya mbuzi wa jirani. Lawama hii huwaangukia kwanza vijana wenyewe, kisha sisi walimu tuliowaketisha madawatini. Tena wako wanaowatia mapadre na wachungaji katika lawama iyo hiyo, wakisema kwamba dini imewafundisha watu kuyaonea haya mambo ya babu zao. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuipima lawama hiyo, nami nitaipima kwa njia ya vitabu. Maana habari za msasi wa nchi hii zimeandikwa na watu watatu wenye sifa, na kila mmoja amemchora kwa namna yake. Tukijua jinsi alivyochorwa, huenda tukajua pia kwa nini mjukuu wake hataki kufanana naye.

Natta ni kata katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, nayo iko katika njia itokayo Makutano kwenda Mugumu. Vitabuni jina lake huandikwa mara nyingi Nata, kwa t moja. Mimi nafuata maandishi yaliyozoewa na wenyeji. Watu wake si wengi, na lugha yao wataalamu huihesabu pamoja na Kiikoma na Kiisenye kuwa ni lugha moja yenye matawi. Nchi yao inapakana na mbuga ambazo makundi ya nyumbu hupita kila mwaka, yakifuata mvua na majani mabichi. Mtu aliyezaliwa mahali pa namna hiyo hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba uwindaji ni chakula.

Lakini haukuwa chakula tu. Masimulizi ya asili ya Wanatta husema kwamba mwanamume wa kwanza, Nyamunywa, alikuwa msasi, na mwanamke wa kwanza, Nyasigonko, alikuwa mkulima. Hao wawili wakakutana, na kwa kukutana kwao kabila likaanza. Angalia vizuri maana ya masimulizi hayo. Hayasemi kwamba msasi alikuja kwanza, kisha akaacha ushenzi wake akawa mkulima, kama vitabu vya shule vinavyopenda kupanga hatua za wanadamu. Yasema kwamba nyumba ilisimama juu ya mafiga ya kazi mbili, na kwamba pasipo mmoja wao nyumba hiyo isingekuwako. Basi kijana aliyekwenda porini hakwenda kucheza tu. Alikuwa akishika upande wake wa agano la wazazi wa kwanza.

Hata hivyo mchezo ulikuwamo. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki watoto wachungao mbuzi na ndama hujifunza shabaha kwa kulenga kitu kinachobingirika, au ndege, au panya wa shambani. Mtoto hajui kwamba anasoma. Anadhani anashindana na wenzake. Hapo ndipo ajifunzapo kunyamaza, kuujua upepo unakotoka, kuhesabu mishale iliyobaki katika podo, na kumwachia mwenzake zamu yake. Akikua huingia katika kundi la wakubwa, akaenda nao mpaka kambi ya porini, akaona jinsi mashimo ya kutegea yanavyochimbwa katika mapito ya wanyama, na jinsi sumu ya mishale inavyopikwa na kuhifadhiwa kwa hadhari. Wazee wetu hawakutenga elimu na mchezo. Mchezo ndio uliokuwa mlango wa elimu.

Sasa na tuwatazame waandishi.

Wa kwanza ni Bernhard Grzimek, Mjerumani, mganga wa wanyama, aliyeandika pamoja na mwanawe Michael kitabu kiitwacho Serengeti darf nicht sterben, kilichotoka mwaka 1959. Michael alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Januari mwaka huo huo, kazi ikiwa bado mikononi. Hakuna mtu mwenye haki awezaye kukisoma kitabu hiki bila kumheshimu baba aliyempoteza mwana kwa ajili ya kazi aliyoiamini. Tena Kitabu hiki na filamu yake vimefanya zaidi ya maandiko mengine yote kuwafanya watu wa Ulaya waipende Serengeti na kuitolea fedha. Lakini mwandishi aliitazama nchi kutoka angani. Yeye na mwanawe walirusha ndege iliyopakwa milia kama punda milia, wakahesabu wanyama kutoka juu, nao mwaka 1958 wakapata nyumbu 99,481. Hesabu nyingine iliyofanywa mwaka 1961 ilipata zaidi ya laki mbili, na miaka mitatu haitoshi kwa nyumbu kuongezeka hivyo. Kumbe hata wanyama, walioendewa kwa makusudi, hawakuonekana wote kutoka juu. Sembuse watu! Kutoka angani huwezi kuuona mti ambao ukoo hutambika chini yake, wala chemchemi yenye jina, wala mahame ya kijiji. Kwa hiyo katika kitabu hiki mwenyeji huonekana zaidi kama mwenye mitego na sumu, adui wa wanyama. Hana jina, hana mama, wala hana desturi. Haya ni mapungufu makubwa ya kitabu kikubwa.

Wa pili ni Myles Turner, aliyekuwa mlinzi wa wanyama katika Serengeti tangu mwaka 1956 mpaka 1972. Kumbukumbu zake, My Serengeti Years, zilitolewa mwaka 1987, baada ya kufa kwake. Huyu hakukaa angani. Alikwenda kwa miguu na kwa gari, akafuata nyayo usiku na mchana, akawakamata wawindaji wengi wa upande wa magharibi. Kitabu chake ni cha askari, na askari humjua adui wake kwa karibu kuliko mtalii. Atakayekisoma kwa makini ataona kwamba mtu aliyehitaji kikosi kizima ili akamatwe hakuwa mvivu wala mjinga. Lakini Turner amwonapo msasi humwona saa ile ile ya kukamatwa, wala hamwoni saa nyingine. Hamwoni akigawa nyama, hamwoni akimfundisha mwanawe, hamwoni akiwa mkwe au mzee wa baraza. Ni kama mtu anayeandika habari za ndoa, naye hajaona ndoa ila barazani kwa hakimu siku ya talaka. Ayasemayo yaweza kuwa kweli yote, na bado picha ikawa ya upande mmoja.

Wa tatu ni Jan Bender Shetler, Mmarekani, mwanahistoria aliyefundisha katika chuo cha Goshen. Mwaka 2003 alitoa Telling Our Own Stories, ambamo zimo historia zilizoandikwa na wenyeji wa kusini mwa Mara wenyewe. Na mwaka 2007 akatoa Imagining Serengeti. Kitabu hiki cha pili ndicho ninachowasihi walimu wote wa wilaya yetu wakitafute. Mwandishi aliketi na wazee, akasikiliza masimulizi, akatembezwa mahali pa kale, kisha akaonyesha kwamba nchi ambayo wageni huiita pori tupu ilikuwa na watu, nayo imejaa majina na makumbusho yao. Hapo ndipo Nyamunywa na Nyasigonko wanapopewa heshima yao mbele ya wasomi wa dunia. Hapo pia twasoma jinsi maafa ya mwisho wa karne ya 19, yaani sotoka ya ng'ombe, magonjwa na njaa, yalivyowasukuma watu kujipanga upya kwa rika, na kulitegemea pori zaidi kuliko kwanza.

Nikisema kwamba kitabu hiki ni bora kuliko vile viwili, sisemi kwamba hakina kasoro. Kasoro yake yatokana na wema wake. Kwa kuwa kinasikiliza wazee, chasikiliza wazee hasa; sauti ya kijana ni ndogo. Tena uwindaji umo ndani yake zaidi kama picha ya kumbukumbu kuliko kama kazi ya mikono. Msomaji ataelewa maana ya msasi katika historia, lakini hatajua wano la mshale hukatwa kwa mti gani, wala kigumba hufungwaje, wala unyoya huwekwa mangapi, wala upote hutengenezwa kwa mshipa wa mnyama yupi, wala kila kimoja huitwaje kwa Kinatta. Wataalamu wa lugha nao wamefanya kazi ya kusifiwa: mwaka 2019 Joash Johannes Gambarage alimaliza tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha British Columbia, huko Kanada, juu ya irabu itanguliayo majina ya Kinatta na maana yake. Lakini kazi hiyo ni ya sarufi, si ya msamiati wa mafundi, wala haifai kumdai mwanasarufi kazi ya msasi.

Kwa jirani zetu Wasukuma mambo yamekwenda vizuri zaidi. Wao walikuwa na vyama vya wawindaji wa tembo, wa nungunungu na wa nyoka, na kila chama kilikuwa na nyimbo zake. Frank Gunderson amezikusanya na kuzieleza katika kitabu chake, Sukuma Labor Songs from Western Tanzania, kilichotoka mwaka 2010. Wimbo wa chama cha nungunungu waweza kuimbwa leo na mtu ambaye hajawahi kuingia katika tundu la nungunungu. Ndivyo kazi inavyoweza kupungua, na bado maneno yake na fahari yake vikabaki. Kwetu Natta kazi imekatazwa, na maneno yanazikwa pamoja na wazee.

Hapa yafaa tuulize: Je, ni kweli kwamba vijana wamepoteza hamu? Tutazame sheria kwanza. Waingereza walitoa sheria ya wanyama mwaka 1921, nyingine mwaka 1940, na nyingine mwaka 1951, nao mwaka huo wa 1951 Serengeti ikawekwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974, kisha ile ya mwaka 2009. Mwaka 1994 mapori ya Grumeti na Ikorongo, yaliyo mlangoni petu, yakafanywa mapori ya akiba. Baadaye vijiji vya Natta na Ikoma vikaunganishwa katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori iitwayo Ikona. Na jina lenyewe, ukilitazama, ni Ikoma na Nata yaliyounganishwa. Basi kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1994 hakuwahi kuona hata siku moja mambo yale ambayo babu yake anamlaumu kwa kutoyapenda. Hawezi mtu kupoteza kitu asichowahi kupewa.

Tena, ukiwauliza wataalamu wa wanyama, watakuambia kwamba nyumbu wauawao kila mwaka kinyume cha sheria katika Serengeti hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu. Hamu ya nyama, basi, haijafa. Kilichokufa ni ufundi. Chombo cha leo ni waya uliofungwa kitanzi na kuachwa kichakani. Waya hauhitaji shabaha, wala kuujua upepo, wala ujasiri. Humnasa jike mwenye mimba, humnasa simba, humnasa tembo mguu akatembea na kidonda mpaka afe. Na mara nyingi mwenye kutega harudi kutazama, nyama ikaoza. Waswahili walisema zamani kwamba mtego wa panya huingia aliyemo na asiyekuwamo. Mashimo ya kale nayo yalikuwa mitego, sikatai. Lakini yalichimbwa na kundi la watu, mahali palipojulikana, nao wakawajibika. Waya hutegwa na mtu mmoja gizani, kwa ajili ya soko. Kwa hiyo lawama ya wazee yataka kusahihishwa. Si kwamba vijana wameacha kuua. Wengine wanaua zaidi kuliko babu zao, ila hawawindi.

Lugha yenyewe inashuhudia jambo hili. Kiswahili cha kale kilikuwa na neno msasi, nalo lilikuwa la heshima. Ndiyo maana ikasemwa kwamba msasi haogopi miiba, na kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Neno mwindaji nalo halina ubaya. Lakini katika habari za magazeti na katika mazungumzo ya kila siku, mtu wa kwetu akionekana porini na upinde huitwa jangili, neno ambalo halina tofauti kati ya mtu aliyetafuta kitoweo na yule aliyeua faru kwa ajili ya pembe. Mgeni tajiri ajaye na bunduki na leseni huitwa mwindaji. Sisemi kwamba leseni si kitu. Sheria ni sheria, na mgeni huyo amelipa. Nasema kwamba mtoto husikia. Akisikia babu yake akiitwa kwa jina la wezi, atafanya mojawapo ya mambo mawili: atamwonea haya babu, au ataona kwamba ikiwa jina ni moja tu, basi na waya ni sawa na upinde. Yote mawili tumeyaona vijijini.

Liko pingamizi moja zito ambalo halina budi kujibiwa. Wengine husema: Afadhali uwindaji ufe kabisa, pamoja na maneno yake, maana wanyama wameongezeka tangu wawindaji walipoondolewa. Kweli wameongezeka, nyumbu walikuwa yapata robo milioni mwaka 1961, na kabla ya mwaka 1980 walikuwa wamepita milioni moja. Lakini waliochunguza jambo hili wameona kwamba sababu kubwa ilikuwa ni kukoma kwa sotoka, baada ya ng'ombe wa jirani kuchanjwa. Ugonjwa huo ulikuwa ukiwaua ndama wa nyumbu mwaka baada ya mwaka. Mishale ya Natta haikuwa ndiyo iliyowazuia, wala kuondolewa kwake sicho kilichowajaza. Hii haimaanishi kwamba mbuga zifunguliwe. Watu wa leo ni wengi kuliko wa zamani, na waya pamoja na soko vingewamaliza wanyama. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, jirani yetu, alitangaza mwezi wa Septemba mwaka 1961, katika mkutano wa Arusha, kwamba nchi mpya inawapokea wanyama pori kama amana. Na amana hailiwi na mwenye kuitunza. Nawaheshimu walinzi wa hifadhi, na vijana wetu kadhaa wamo miongoni mwao. Ninachokataa ni kusema kwamba ili mnyama aishi ni lazima kumbukumbu ya msasi ife.

Wenzetu wa mbali wametuonyesha njia. Katika nchi ya Bhutan, ambayo watu wake wengi ni wa dini ya Buda na hawapendi kuua, mchezo wa taifa ni upinde. Hulenga ubao, si mnyama. Vijiji hushindana, watu huimba na kucheza, na kijana mwenye shabaha hupata sifa. Michezo ya Olimpiki nayo iliurudisha upinde mwaka 1972. Upinde ukiwekwa mbele ya shabaha ya majani makavu hauvunji sheria ya wanyama, wala hauhitaji damu ili uwe na heshima.

Kwa hiyo nawaletea walimu wenzangu, na mapadre na wachungaji wasomao jarida hili, maombi matatu. La kwanza, kila shule ya Natta, Ikoma na Isenye imwalike mzee mmoja ajuaye mawindo, na watoto waandike kutoka kinywani mwake majina ya wanyama, ya nyayo, ya pepo, ya miti, na ya sehemu za upinde na mshale, kwa lugha yao kwanza, kisha kwa Kiswahili. Kazi hii haihitaji fedha, ila daftari na kalamu, na haifai kucheleweshwa, maana wazee waliowinda kabla ya mwaka 1951 karibu wote wametutoka, na waliofuata nao ni wakongwe. La pili, siku ya michezo, pamoja na mpira na mbio, pawe na shindano la shabaha na shindano la kusoma nyayo. Mtoto atakayeshinda katika kusoma nyayo amepata akiba ya kazi pia, kwa kuwa waongozaji wa watalii na askari wa wanyama hulipwa kwa elimu hiyo hiyo. La tatu, tutenge maneno yetu. Darasani na mimbarani tusimwite kila mtu wa upinde jangili. Tuseme msasi tunapotaja babu, na tuseme mtega waya tunapotaja mwizi wa leo, ili watoto wajue kwamba hawa wawili si mtu mmoja.

Kuhusu vitabu vile vitatu, shauri langu ni hili: Grzimek asomwe kwa moyo wake, Turner kwa macho yake, na Shetler kwa masikio yake. Lakini kitabu cha nne hakijaandikwa, nacho ni kile cha mikono ya msasi: jinsi alivyokata, alivyofunga, alivyotembea, alivyogawa. Mgeni hawezi kukiandika, kwa kuwa maneno yake yamo katika lugha ambayo sisi tumeisikia tangu mgongoni mwa mama zetu. Kijana ambaye twasema hana hamu ndiye anayeweza kukishika kalamuni, akipewa mzee wa kumwuliza na mwalimu wa kumsahihisha.